Lori Lako Linalala Wapi?

Jumamosi asubuhi nimekuta karatasi imebanwa kwenye waipa. Mimi ni dereva wa van ya kusambaza vifurushi hapa Coventry, Uingereza, na Ijumaa bosi alinambia nirudi nayo nyumbani kwa kuwa kesho yake nilikuwa naanza mapema. Mwandiko mzuri, wino wa bluu: tafadhali usiegeshe gari la biashara hapa, linaziba mwanga sebuleni kwetu. Jina hakuna. "Tafadhali" zipo mbili na "asante" moja.

Linaziba mwanga! Nilisimama pale kwenye baridi nikacheka peke yangu kama mwehu. Jamani, mimi nimekulia Nyakato, Mwanza, mlango kwa mlango na Fuso, lori la dagaa. Linarudi usiku kutoka soko la Mwaloni, mara limeshusha, mara mzigo bado uko chini ya turubai unasubiri bei ya kesho. Saa kumi alfajiri injini inawashwa lijaze upepo, nusu saa nzima, vioo vya dirisha vinacheza kwenye fremu. Likiondoka, yale mawe waliyokingia matairi yanabaki katikati ya njia, na mwenye bodaboda wa kwanza kupita gizani ndiye anayeyagundua. Kukicha, makorongo wawili wako juu ya bati letu wametulia kama watu wanaodai. Mwanga wa sebuleni? Sisi tulikuwa tunatafuta pa kupitishia bajaji.

Basi nikaichukua ile barua nikampelekea mwenzangu kazini, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, tuicheke wote. Hakucheka. Aliniambia van yangu haina kosa, ni ndogo, haifiki tani 3.5. Ingekuwa lori ndiyo ningekoma. Akanieleza utaratibu wenyewe, na tangu siku hiyo umenikaa kichwani.

Hapa Uingereza, ukitaka kufanya biashara na gari la mizigo ambalo uzito wake na shehena unazidi tani 3.5, kuna leseni ya kuomba, na sheria yake ni ya mwaka 1995. Kwenye maombi lazima useme lori litakuwa linalala wapi. Unataja eneo lenyewe na idadi ya magari litakayobeba, kisha unatangaza kwenye gazeti la sehemu hiyo. Wenye nyumba jirani wana siku 21 za kupinga, wakisema kelele, wakisema moshi, wakisema saa za kuingia na kutoka. Yote hayo kabla gurudumu halijazunguka. London ndiyo usiseme: mitaa mingi gari la kuzidi tani 5 haliruhusiwi hata kulala barabarani.

Lori linaulizwa linalala wapi, kama mgeni anavyoulizwa na mjumbe!

Nyakato nani aliwahi kuuliza? Nakumbuka usiku dada yangu aliposhikwa na uchungu. Teksi ilifika, ikasimama nyuma ya Fuso, ikapiga honi. Tingo alikuwa amelala ndani ya kichwa cha gari, akaamka, akatoa shikamoo kwa mama vizuri kabisa, akasema funguo anazo dereva. Dereva anakaa Igoma. Dada akatembea. Mkono mmoja kwa mama, mkono mwingine kwenye bodi la Fuso lile lile, anajishikilia lisije likamwangusha mtaroni. Mtoto yule sasa ana miaka tisa na Fuso bado lipo.

Najua mnachoandaa kunijibu. "Kafika Ulaya juzi, kashakuwa mzungu, kasahau michembe." Sijasahau michembe, viazi vyetu vya kukausha. Ipo hapa kabatini, mama aliniwekea kwenye begi. Tena naomba tuelewane, sijasema huku ni peponi. Huku mtu anakaa mita sita kutoka kitandani kwangu, tena nyumba zenyewe zimegusana kuta, na kwa miaka mitatu tumewasiliana mara moja, kwa karatasi. Nyumbani angekuja asubuhi, mwangaluka, habari za hapa, watoto hawajambo, tungefika kwenye gari baada ya chai. Siwezi kusema wametuzidi utu. Wametuzidi kuuliza swali moja tu.

Mwingine yuko tayari: "Nenda serikali ya mtaa, ofisi si zipo?" Ndugu yangu, tulikwenda. Tulikwenda hadi tukajulikana. Jibu tulilopewa kwenye mkutano ni kwamba tuvumiliane, huyu ni jirani. Aliyelitoa alikuwa anajenga, na tofali zake sote tuliziona zilivyofika, na zilibebwa na nini.

Lakini nikimcheka yeye nakuwa mnafiki. Baba alipofariki, Fuso ndilo lililobeba viti, masufuria, maturubai na watu zaidi ya hamsini hadi Magu kuzika, likatungoja, likaturudisha. Mwenye gari alikataa hata hela ya mafuta. Alisema tu, "Mzee alikuwa mtu wangu." Baada ya hapo niambieni, mama yangu aende kumshtaki kwa maneno gani? Nilimpigia simu siku ile ya barua, nikamsimulia habari za leseni na siku 21 za kupinga. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mwanangu, sasa hao wakifiwa wanabebwa na nani?"

Nilikosa la kujibu. Hata hivyo, mama, samahani, hilo swali lako ndilo linalotumaliza. Kila mtu mtaani ana deni kwa lile Fuso, kwa hiyo hakuna mwenye mdomo. Huyu jirani yangu wa wino wa bluu hajawahi kuomba kwangu hata chumvi, ndiyo maana anaweza kuandika.

Na mwenye Fuso si mtu mbaya, nilishakaa naye. Alijaribu yadi. Analipa kila usiku, asubuhi anakuta dizeli imenyonywa. Mara ya pili wakaondoka na betri. Gari lenyewe la mkopo. Akaamua alale nalo mlangoni, alisikie likikohoa. Mimi ningekuwa yeye ningefanya nini? Ningefanya hivyo hivyo. Ndiyo maana simtaki mgambo wala mnyororo kwenye tairi. Mnyororo kwa Fuso lililoziba njia ndiyo utaifungua njia? Nataka anayetoa kibali cha biashara amuulize mtu, kabla hajamgongea muhuri: hili linalala wapi? Halafu jiji lenyewe lipate sababu ya kuwa na yadi yenye ukuta, taa na mlinzi asiyenyonya mafuta. Tumeweza kupandisha barabara za mawe kwenye vilima ambavyo hata mbuzi anafikiria mara mbili. Tunashindwa ukuta?

Haya, van nimeihamisha. Naiacha mtaa wa nyuma, natembea dakika saba kwenye mvua, na mwanga umerudi sebuleni kwa watu.

Desemba nakuja. Nimetanguliza mzigo kwa meli, majokofu mawili na baiskeli za watoto wa dada, na ukishafika mjini itabidi ubebwe hadi nyumbani. Juzi nimempigia mwenye Fuso. Alifurahi sana, akasema nisijali, ataufuata mwenyewe. Kama akichelewa kurudi, hatashusha usiku, atalaza tu gari mlangoni kwetu na mzigo wangu juu.

Nikamwambia wabeja, asante, mzee wangu.