Mlio wa Mota Ukiondoka, Joto Linakwenda Wapi?

Pampu ya kupandisha maji ghorofani au feni kubwa ya hoteli ikifungiwa inveta, yaani kifaa cha kielektroniki kinachodhibiti kasi ya mota, watu huanza kulalamikia kitu ambacho hawakukisikia kabla: mlio mwembamba, mkali, usiokatika. Fundi akiitwa, hufungua menyu ya inveta, hupandisha masafa ya karia kutoka kilohezi 4 hadi 12 au hata 16, na mlio hutoweka palepale. Kila mtu huridhika. Mimi naona hapo ndipo maswali yanapaswa kuanza.

Umeme unaotoka kwenye inveta si wimbi laini kama la gridi. Transista huuwasha na kuuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na kasi hiyo, inayohesabiwa kwa kilohezi (mara elfu kwa sekunde), ndiyo karia. Kila pigo huacha mtikisiko mdogo kwenye mkondo, na chuma cha mota hutetemeka nao. Inveta nyingi huwekwa kiwandani kati ya kilohezi 2 na 5, na huko ndiko sikio la binadamu linakosikia kwa ukali zaidi. Karia ikifika 16, watu wazima wengi hawausikii tena mlio huo.

Wanaopendelea kupandisha wana hoja ya kweli. Mgonjwa aliyelala chini ya feni ya wodi ana haki ya kupumzika. Tena mota yenyewe hupata nafuu kidogo: mkondo ukiwa laini zaidi, joto linalopotea bure kwenye koili na chuma hupungua.

Lakini kila transista inapowaka na kuzima hupoteza nishati kidogo kama joto. Mara za kuwasha na kuzima zikiongezeka maradufu, hasara hiyo nayo huongezeka maradufu, na yote hubaki ndani ya inveta. Ndiyo maana miongozo ya watengenezaji huwa na jedwali la kupunguza mkondo unaoruhusiwa kadiri karia inavyopanda, jedwali ambalo wengi hulipita bila kulisoma. Hapa kwetu lina uzito zaidi. Inveta nyingi hupimwa kwa joto la nyuzi 40, na paneli ya chuma iliyofungwa Dar es Salaam mwezi Februari hufika hapo bila shida. Nairobi ni baridi zaidi, ila iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na haipozi vizuri. Kanuni inayotumika sana ni kupunguza asilimia 1 kwa kila mita 100 zaidi ya mita 1,000, yaani kama asilimia 7 imeshaondoka kabla hujagusa karia. Baadhi ya inveta hujilinda kwa kuishusha karia zenyewe zikipata joto. Basi mlio hurudi saa nane mchana na fundi huitwa tena.

Mapigo mengi zaidi pia huongeza umeme unaovuja kwenda ardhini na cheche ndogo zinazopita kwenye grisi ya beringi na kuzila taratibu.

Kwa hiyo nisingeanza na menyu. Feni ikiwa kwenye kasi, zima inveta na uiache izunguke yenyewe. Mlio ukikatika mara moja, chanzo ni umeme. Ukiendelea hadi feni isimame, tafuta beringi au mapanga, karia haihusiki. Ikiwa ni umeme, panda hatua kwa hatua, ukipima mkondo na joto chini ya mzigo kamili, na uishie pale watu wanapoacha kusumbuka. Mara nyingi 8 inatosha. Inveta ikiwa na chaguo la karia ya kubahatisha, lijaribu kwanza: hutawanya mlio ukawa kama mvumo, bila kuongeza joto la maana.

Kwenye visima vya sola hali hugeuka kabisa. Pampu iko mita 80 chini ya ardhi, hakuna anayeisikia, na kebo ndefu huakisi mapigo hadi volti kwenye mota zikakaribia maradufu ya zile za ndani ya inveta. Kupandisha karia hakuongezi kimo cha pigo, ila huongeza idadi ya mapigo yanayoigonga insulesheni, yaani kihami cha nyaya za mota, kila sekunde. Huko karia ibaki chini kadiri mwongozo wa pampu unavyoruhusu, kwa sababu kuivuta mota ile na kuisuka upya ni gharama inayoweza kukiacha kijiji bila maji kwa siku kadhaa.