Kupakia gari la maksai darasani: vitendo vinavyofundisha na vinavyopotosha

Shule nyingi za msingi Marekani huwa na siku ya vitendo katika somo la walowezi wa karne ya 19 waliohamia magharibi. Watoto huvaa kofia za kitambaa, hutikisa malai yakawa siagi, hukimbilia viwanja vya kuigiza. Wanaoitetea siku hiyo wanasema mtoto hasahau alichokishika. Wanaoipinga wanasema uporaji wa ardhi ya wenyeji umegeuzwa sherehe. Wote wana hoja, ila mara nyingi kila upande unazungumzia zoezi lake.

Chukua zoezi la kupakia gari. Bandika selotepu sakafuni, mita 3 kwa 1.2, ndiyo sehemu ya mzigo ya gari la njia ya Oregon, njia ndefu ya walowezi kwenda magharibi. Mzigo usipite kama kilo 900, la sivyo maksai wanachoka kabla ya milima. Mwongozo wa Lansford Hastings wa 1845 ulimtaka msafiri awe na angalau kilo 90 za unga, 68 za nyama ya nguruwe ya chumvi, 9 za sukari, na kahawa na chumvi kilo 4.5 kila kimoja. Watu wazima wanne wanafikisha kilo 700 kabla hata ya blanketi. Unga peke yake ni karibu viroba 14 na nusu vya kilo 25. Zilizobaki, kilo 200, ndizo za kugombania: plau, pipa la maji, risasi, sanduku la bibi.

Zoezi hili huharibika pale mwalimu anapotumia kadi zenye picha peke yake. Picha haina uzito, kwa hiyo watoto hupakia kila kitu na kufurahi. Andika kilo nyuma ya kila kadi, mpe mtoto mmoja ukarani wa mizani, na asikubali kadi yoyote bila kujumlisha. Kosa jingine ni kuwakalisha watoto ndani ya "gari". Wengi walitembea kwa miguu, takriban kilomita 3,200 kwa miezi minne hadi sita. Wapeleke uwanjani: watoto 30 wakizunguka njia ya mita 400 mara mbili kila mmoja, darasa zima kwa jumla limetimiza kilomita 24, yaani mwendo wa siku moja nzuri wa mtu mmoja.

Siagi nayo ni tamu, lakini kihistoria ni nyepesi. Jaza malai theluthi moja ya chupa. Ukijaza zaidi hayapati nafasi ya kupigika. Yakitoka moja kwa moja kwenye friji utatikisa hadi mikono ife. Yaache kwanza yapungue ubaridi. Baada ya dakika 10 hivi chupa hunyamaza, malai yamekuwa mazito, na hapo ndipo watoto hukata tamaa. Endelea kidogo tu, utasikia kitu kikidunda ndani. Maziwa ya pakiti hayatoi siagi, maana mafuta yake yamesagwa yasijitenge. Kilichofundishwa hapo ni sayansi ya mafuta. Kitakuwa historia ukieleza kwamba walowezi walitundika chombo cha malai garini, mtikisiko wa njia ukawafanyia kazi mpaka jioni. (Mtoto wa mfugaji aliyezoea kusukasuka kibuyu atawashangaa wote.)

Hoja ya wapinzani ina uzito zaidi kwenye kadi za bahati, zile watoto wanazochota kujua yaliyowapata njiani. Zinazouzwa hupenda kuweka "mmeshambuliwa na Wahindi" (yaani wenyeji wa Amerika) kila baada ya hatua chache. Mwanahistoria John Unruh alihesabu, kati ya 1840 na 1860, wasafiri 362 waliouawa na wenyeji, na wenyeji 426 waliouawa na wasafiri. Kipindupindu, mito na bunduki zilizofyatuka kwa bahati mbaya viliua mno kuliko hapo. Kadi moja ya shambulio inatosha, na ziwepo kadhaa za mwenyeji anayeuza samaki au kuvusha magari mtoni, kwa malipo.

Lipo zoezi nisilolitetea: igizo la mbio za ardhi za Oklahoma za Aprili 22, 1889, siku walowezi walipokimbilia kujichukulia viwanja. Watoto hukimbia kuchomeka vibendera uwanjani. Uwanja ule ni mtupu, na hapo ndipo uongo ulipo, kwani ardhi yenyewe haikuwa tupu hivyo. Shule za umma za Oklahoma City zimeshaachana nalo. Watetezi hudai ukiondoa mbio unaondoa msisimko. Sawa, lakini hesabu nayo inasisimua: kwa mkataba wa 1866 Waseminole, taifa la wenyeji wa Amerika lililokuwa na ardhi huko, waliiachia serikali ardhi yao kwa senti 15 ekari, kisha serikali hiyohiyo ikawauzia nyingine kwa senti 50. Waambie watoto wapige hesabu ya bei ya kiwanja cha ekari 160, kwanza kwa kuuza, halafu kwa kununua. Dola 24, dola 80. Halafu nyamaza, usubiri maswali.