Mgeni Asiyepewa Jembe

Jambiani, kijiji cha pwani Zanzibar, nilikuwa naamka kabla ya jua na kufungua mlango wa uani. Maji ya bamvua yakishatoka, kina mama wanashuka kwenye mashamba yao ya mwani, vigingi begani, kamba mkononi, wanatembea mbali hadi unawaona kama vijiti. Mimi nakaa barazani na laptopu nahariri video za mteja wa California, ambaye kwake ilikuwa bado ni jana usiku. Nilijiona nimeshika maisha kwenye kiganja. Kabla ya hapo miaka minne nzima nilikuwa natoka Mbagala, Dar es Salaam, gizani kugombania daladala niwahi ofisi ya watu mjini.

Huu ni mwaka wangu wa tano wa kile kinachoitwa uhamaji wa kidijitali: kazi iko kwenye begi, nawe unahama nayo. Nimeishi hivyo Arusha, Kilifi, Jambiani na Kigali, na katikati narudi nyumbani Tanga. Kila wiki kuna kijana mmoja ananiandikia, "Dada, na mimi nataka. Naanzaje?" Nimechoka kuwajibu kwa vipande, hasa kwa sababu wanachoniuliza ni kompyuta na malipo, na hilo ndilo jepesi.

Nianze kwa kusema neema, maana ipo. Unalipwa kwa dola, unanunua dagaa kwa shilingi. Ada ya mdogo wangu ya miaka mitatu ya chuo imetoka kwenye video hizo. Na nimeona Kiswahili kikibadilika sura kutoka mji hadi mji. Kilifi nilikaa wiki mbili nasikiliza tu, nikijifunza upya lugha niliyozaliwa nayo. Hayo nisingeyapata Mbagala.

Lakini nchi zetu hazikupangwa kwa ajili ya mtu wa miezi miwili. Arusha mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na dalali akataka ya mwezi mmoja yake, mbali na hela ya kunizungusha kuangalia vyumba. Kisha swali ambalo mwanaume haulizwi: "Mume yuko wapi?" Ukishindwa hapo unaishia kwenye vyumba walivyojengewa watalii, bei imeandikwa kwa dola, na majirani wanabadilika kila Jumamosi. Unaishi nchini mwako kama mtu aliyeshuka na ndege juzi. Na kodi hiyo uliyokubali kuilipa, kesho ndiyo anayotajiwa mwalimu wa pale kijijini akitafuta chumba. Sikuliwaza hilo mwaka wa kwanza. Sasa naliwaza kila ninapotajiwa bei.

Kuhusu kuvuka mipaka, tusidanganyane kwa picha za mitandaoni. Barbados ilifungua mlango wake kwa wafanyakazi wa mbali mwaka 2020, kwa anayeingiza kuanzia dola 50,000 kwa mwaka. Kenya nayo, Oktoba 2024, Rais Ruto alitangaza kibali cha wahamaji wa kidijitali. Ni habari njema, ila ukiyasoma masharti yake unaona mgeni aliyefikiriwa ni mtu wa kipato cha Ulaya. Na sisi tukienda upande wao? Viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hazirudi. Mzungu niliyekuwa nashiriki naye meza Jambiani aliamua Jumanne kwenda Lisbon, Ureno, Alhamisi akaondoka. Mimi kwa safari hiyohiyo ningehitaji barua, taarifa za benki za miezi kadhaa, na moyo wa kusubiri. Ndiyo maana njia yangu ni Afrika Mashariki, na siioni kuwa njia ndogo. Mababu wa pwani hii waliishi kwa kusi na kaskazi, wakikaa bandari ya ugenini miezi hadi upepo ugeuke.

Intaneti ndiyo roho ya kazi hii, na roho yetu inapita kwenye waya uliolala chini ya bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Nilikuwa na faili la kupakia usiku ule. Nililala nimeliacha kwenye asilimia nne, nikaamka liko asilimia tisa. Mteja alielewa siku ya kwanza, siku ya pili akajibu kwa neno moja, siku ya tatu kazi akampa mtu mwingine. Simlaumu sana. Naye ana watu wanaomsubiri.

Halafu kuna saa. Kikao cha saa tatu asubuhi California ni saa moja usiku kwetu. Ikifika Novemba wanarudisha saa zao nyuma, kikao kinakuwa saa mbili. Machi kinarudi saa moja. Sisi wa karibu na ikweta jua letu halina haja ya kusogezewa saa, lakini mimi nimeishi nikisogezwa. Baada ya magharibi, wakati ambapo kila mtaa wa pwani watu wanatoka barazani kuzungumza, mimi nafunga dirisha na kuvaa vipokea sauti. Jambiani nilikaa miezi minne. Nilipopata homa kali mwezi wa tatu, nililala siku tatu bila mtu kujua. Hakuna aliyenitendea ubaya. Hapakuwa tu na mtu mwenye sababu ya kuniulizia.

Tuna methali kila mtoto anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimekua nikiisikia kama onyo kwa mgeni, kwamba asizoee vya bure. Kitandani Jambiani niliisikia kwa namna nyingine. Mgeni asiyepewa jembe siku ya tatu, wala ya thelathini, wala ya mia, ni mtu ambaye hakuna anayemhesabu. Anahudumiwa, anasalimiwa vizuri, anatabasamiwa, na akiondoka shuka linabadilishwa. Kina mama wale wa mwani, ambao kilimo hicho kipo pale tangu 1989, nilikuwa nawapiga picha asubuhi nyingi. Miezi minne, na sikuwahi hata mara moja kushuka majini kumuuliza mmoja kama ninaweza kumsaidia kubeba gunia.

Kigali ndiko nilikopewa jembe, tena jembe la kweli la mpini. Nilipanga chumba Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kilizungumzwa zamani kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda: asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa tano, maduka yanafungwa na watu wa kila mtaa wanatoka kuzibua mitaro, kufyeka na kupanda miti. Nilidhani hainihusu. Jirani wa mlango wa pili akagonga, akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, dada, niko mzima. Akanikabidhi jembe.

Tulizibua mtaro wa nyuma ya nyumba zetu. Mikono ilinitoka malengelenge kwa sababu vidole vyangu vimezoea kibodi. Baadaye watu walikaa kikao, na sikuelewa hata nusu ya Kinyarwanda chao, lakini nilipotoka pale watu kumi na tano walikuwa wanajua natoka Tanga, nafanya kazi usiku, na sinywi chai yenye tangawizi nyingi. Jumatatu muuza duka akaniita kwa jina.

Bibi yangu alifariki alfajiri ya Ijumaa nikiwa Kigali. Mama alipiga simu, nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akakaa kimya bila kuitika marahaba, na hapo nikajua. Maziko yalikuwa baada ya swala ya Ijumaa, kama ilivyo kwetu. Kwa basi kupitia mpaka wa Rusumo ni zaidi ya siku nzima. Kwa ndege ningefika Dar jioni, na barabara ya Tanga bado iko mbele. Mimi ndiye mjukuu mkubwa wa kike. Bibi alinikanda na kuniogesha nikiwa mchanga. Kwetu, siku yake ikifika, wajukuu wa kike ni miongoni mwa wanaomuosha. Zamu yangu ilifika nikiwa nimekaa sakafuni kwenye chumba cha kupanga, simu sikioni, nasikia maji yakimiminwa kwenye ndoo upande wa pili.

Hakuna kiasi cha dola kinachofidia hilo, na anayetaka maisha haya nataka alijue kabla hajanunua kompyuta. Nilituma mchango wa msiba kwa simu. Ulipokelewa, wakanishukuru. Lakini mchango haukai kwenye mkeka na wenzako.

Jioni ile jirani wa mlango wa pili alisikia. Akaja na chupa ya chai, nyuma yake wanawake wanne wa mtaroni. Mmoja alisoma Yasini. Wengine hawakuwa Waislamu, wakakaa kimya mpaka akamaliza. Nilimwandikia mteja kwamba sitaingia kwenye kikao, mara ya kwanza kwa miaka mitano, na nikazima laptopu. Walikaa hadi saa nne usiku. Hakuna aliyemjua bibi. Walikuwa wananijua mimi.

Mama alinipigia tena siku ya tatu. "Usijilaumu, mwanangu. Maziko yamekupita, arobaini isikupite." Haikunipita. Nilipika na wenzangu, nikapewa kanga yake moja, na nikakaa Tanga mwezi na nusu.

Tangu hapo nimepunguza miji. Msimu wa kaskazi nakuwa nyumbani, msimu wa kusi nakuwa Nyamirambo, chumba kilekile, kwa kodi ileile wanayolipa majirani zangu. Wateja nimewapunguza pia, na mwenye kutaka vikao vya usiku kila siku namwambia mapema kwamba sifai. Kipato kimeshuka kidogo. Hivi ninavyoandika niko Tanga, ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi, na ujumbe wa jirani umeingia kama kila mwezi: "Kesho umuganda. Jembe lako liko kwangu."