Imeisha kabla ya chemko

Juzi kati nlikuwa natoka Morogoro kurudi Dar na baba mdogo, yeye ni wa 1954, kakaa siti ya mbele, mwanangu wa darasa la nne yuko nyuma ndo kashika simu anachagua nyimbo. Ikapigwa ngoma moja ya hawa vijana wa sasa, nzuri tu, mzee katulia anasikiliza, kidole kinagonga dashibodi, mara ikaingia nyingine. Akageuka. "Mbona umeitoa? Si ndo kwanza ilikuwa inaanza." Dogo akamjibu, "Babu, imeisha." Mzee akaniangalia mimi kama vile nimemuibia.

Nawaambia hii kwa sababu ligi ya zilipendwa na Bongo Fleva haiishagi, na mara zote wazee wanafungwa kwa goli lile lile, mmezeeka, kubalini. Mie naona wanaonewa. Sio kwenye kila kitu, ntafika huko.

Vijana wana hesabu yao wanaitembeza sana. Mwaka 1989 Wamarekani wawili, Holbrook na Schindler, waliwapigia watu 108 vipande vya nyimbo 28 zilizotamba kati ya 1932 na 1986, wakawaambia wazipe maksi, ikaonekana mtu anapenda zaidi wimbo uliotoka akiwa na miaka kama 23 na nusu. Basi wamelishika hilo, kwamba mzee wako haipendi Sikinde, ile bendi ya dansi ya Mlimani Park, anachokipenda ni kuwa na miaka 23.

Nikampigia baba mdogo hesabu, 1954 jumlisha 23 na nusu unatua kwenye 1978 pale, na 1978 ndo Mlimani Park ilipoanza. Nlicheka peke yangu. Lakini sasa shangazi yangu, yule wa mwisho kwao, mwaka huo alikuwa darasa la pili na hizo nyimbo anazijua mpaka gitaa la ridhim linaingia wapi, na miaka 23 kaja kuifikisha Bongo Fleva inabisha hodi, lakini mapenzi yake yako kule kule. Kwanini? Kwa sababu huku Bara mpaka katikati ya miaka ya 90 redio ya ndani ilikuwa RTD, Radio Tanzania ya serikali, na TV hamna, redio ipo sebuleni, inasikilizwa na babu, baba, mtoto, dada wa kazi, hakuna anayechagua. Na hata huko Marekani, Krumhansl wa chuo cha Cornell alikuja kuonyesha mwaka 2013 kwamba vijana wa miaka ishirini wana nyimbo za ujana wa wazazi wao zimewakaa moyoni kabisa. Kwahiyo hiyo 23 na nusu naikubali nusu. Inaeleza kwanini wimbo unakukumbusha mbali, lakini ukiitumia kumnyamazisha mzee, unakuwa hujasikiliza anacholalamikia.

Sikiliza anacholalamikia. Wimbo wa dansi una sehemu mbili, kwanza wanakuja taratibu wanakusimulia kisa, labda ndoa imeharibika au mtu kafiwa, magitaa yanapishana solo, ridhim, besi, mipulizo inajibu waimbaji, halafu ndo linakuja chemko, mwendo unapanda na ukumbi mzima uko katikati. Dakika saba, nane, kwa sababu mtu kalipa kiingilio na anataka acheze na mkewe mpaka basi. Sikio la baba mdogo limelelewa hivyo, kusubiri. Akisema siku hizi hamna muziki wala hajatukana mtu, anatafuta lile chemko halioni. Hayo ni malalamiko ya fundi, yani mtu anayejua kitu kinatengenezwaje, na sisi tunamjibu habari za umri wake.

Ila mzee naye asikwepe. Bendi ya watu kumi na kitu iliwezekana kwa sababu kuna mtu alikuwa analipa mshahara, NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, hiyo Sikinde yenyewe ikaja kuwa chini ya shirika la jiji, DDC. Leo nani atawalipa wapiga tarumbeta watatu? Dogo wa Tandale na kompyuta yake moja sio mvivu, hana tu hiyo chaguo, na wimbo wake utasikilizwa na mtu mwenye bando la mia tano ndani ya daladala.

Halafu hilo neno lenyewe, zilipendwa. Zile ambazo hazikupendwa ziko wapi? Hazipo, na zilikuwa nyingi. Kwanza maneno ya nyimbo yalikaguliwa RTD kabla bendi haijaingia studio kurekodi, halafu miaka arobaini ikachekecha tena. Mzee anachukua zile thelathini zilizobaki anazipambanisha na kila takataka iliyotoka wiki hii, hapo sio haki hata kidogo.

Na tusisahau Novemba 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar, eti unaharibu vijana. Hao vijana waliokuwa wanaharibiwa ndo wazee wetu wa leo, wako barazani wanasema singeli ni uhuni.

Mimi mwenyewe sina pa kusemea, juzi nimeangalia nyimbo nilizopakua kwenye simu, karibu zote ni za 2001 mpaka 2006. Mie ni wa 1980, pigeni hesabu wenyewe.

Basi tulipotoka Chalinze nikamnyang'anya dogo simu nikaweka Sikinde (ukitaka ugomvi na baba mdogo muwekee Msondo, wapinzani wao). Mzee kafumba macho. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, lori limetuziba mbele hatuwezi kulipita, nyuma dogo anahema kwa kukereka.

"Babu, hii inaisha saa ngapi?"

"Tulia wewe, bado haijafika."

Ikafika tukiwa bado nyuma ya lori. Mzee akaanza kutikisa mabega na mkanda wake wa siti, na kwenye kioo nikamuona dogo kamtolea macho.