Vifuko vya Polima: Uimara Wake Ndio Mtihani Wake

Mwaka 1999, watafiti wa vyuo vikuu vya Pennsylvania na Minnesota, akiwemo Dennis Discher, walitangaza vifuko vyenye uwazi ndani ambavyo havikufinyangwa na mtu. Waliweka majini polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, yenye sehemu mbili, moja inayopenda maji na nyingine inayoyakimbia, nayo ikajipanga yenyewe. Sehemu zinazokimbia maji zilijificha katikati ya ukuta, zinazoyapenda zikaelekea nje na ndani. Uwiano ndio unaoamua: sehemu inayopenda maji ikiwa karibu asilimia 35 ya mnyororo, hupatikana kifuko, ikizidi nusu, hutokea vitone visivyo na uwazi. Vifuko hivyo vikaitwa polimasomu.

Wanaovitetea kama vibeba dawa wana hoja nzito. Chini ya darubini, kifuko kilivutwa kwa mrija mwembamba wa kioo, na utando wake ukatanuka karibu asilimia 20 kabla ya kupasuka. Utando wa liposomu, vifuko vya mafuta vilivyotangulia, hupasuka kwenye asilimia 5 hivi. Maji nayo huupenya ule wa polima kwa shida zaidi, angalau mara 10. Kwa dawa ambayo huvuja kabla ya kufika kwenye uvimbe wa saratani, hilo si jambo dogo.

Lakini dawa iliyofungwa sharti itoke, na polima ile ya 1999 haikuwa ya kuoza mwilini. Ndipo kundi la Discher likatumia polima ya asidi ya laktiki, ambayo maji huikata polepole. Mnyororo ukifupika, uwiano unaharibika, ukuta unatoboka, dawa inatoka. Mwaka 2006 waliripoti uvimbe wa panya ukisinyaa kwa njia hiyo. Naiona kazi hiyo kuwa ya akili sana.

Hata hivyo, panya si mgonjwa. Doxil, dawa ya saratani iliyomo ndani ya liposomu, iliruhusiwa Marekani tangu 1995, na mafuta yake ni jamaa ya yale ya seli zetu. Polima za kiwandani hazitoki na urefu mmoja, ilhali mdhibiti wa dawa anataka kila chupa ifanane na mwenzake.

Kwa hiyo kwenye saratani bado naipa liposomu nafasi ya kwanza. Polimasomu naitaka pale ambapo kilichomo hakipaswi kutoka kabisa. Mwaka 2000, Wolfgang Meier na wenzake walifungia kimeng'enya, protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, ndani ya vifuko vya polima, wakapachika ukutani protini ya bakteria yenye tundu: molekuli ndogo zikaingia na kutoka, kimeng'enya kikabaki kazini.