Chuo cha mbali au cha hapa hapa mjini: tunahesabu ada, tunasahau jioni

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, familia nyingi za Mwanza huingia kwenye mjadala ule ule. Kijana amefaulu, dirisha la udahili liko wazi, na kila mtu ana jibu lake. Mjomba aliyesoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anasema mtoto aende Dar, kutembea kwingi ni kuona mengi. Mama anauliza kuna haja gani ya kupanda basi kilomita zaidi ya 1,100 wakati SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, iko hapa Malimbe na pale hospitali ya Bugando wanafundisha udaktari. Baba anasubiri aone karatasi ya ada.

Wote watatu wana hoja, na hakuna ninayeweza kumpuuza. Shida yangu ni kwamba mjadala wenyewe huishia kwenye umbali na ada. Kwa wanafunzi niliowaona wakimaliza vizuri na wale niliowaona wakidisko, yaani wakiondolewa chuoni kwa kufeli, tofauti kubwa ilikuwa saa za jioni, baada ya vipindi kuisha: nani alikuwa na mamlaka juu ya saa zile, na zilikwenda wapi.

Kwanza tuiondoe njiani sehemu iliyo rahisi. Kama kozi haipo nyumbani, mjadala umekwisha. Anayetaka kusomea upimaji wa ardhi au uhandisi wa madini hawezi kubaki kwa mama kwa sababu tu kuna chuo jirani kinachofundisha uhasibu. Nimeona vijana wakishawishiwa kubadili kozi ili wasihame mji. Ni kosa linalokaa na mtu maisha yote, maana cheti hakitasema kwamba alisoma biashara kwa sababu nyumbani palikuwa karibu. Na kinyume chake kipo: kijana anakwenda Dar es Salaam kusoma shahada ambayo ingepatikana hapa hapa Nyegezi, na hakuna anayeweza kueleza nini kimeongezeka zaidi ya jina la jiji.

Ugumu unaanza pale kozi inapopatikana pande zote mbili.

Upande wa kubaki una nguvu kwenye fedha, lakini hata hapo hesabu haijanyooka. Vyuo vikuu vikubwa vya Mwanza ni vya taasisi za dini, na ada zao kwa kawaida ziko juu ya za vyuo vya umma. Kwa udaktari pengo ni kubwa mno: ada ya mwaka mmoja katika chuo binafsi inaweza kuzidi maradufu ya chuo cha umma. Kwa hiyo mzazi anayesema "abaki hapa, ni nafuu" aweke mezani ada zote mbili kwanza, kisha ajumlishe chumba, chakula na nauli. Kwa kozi za kawaida za sanaa na biashara, nyumbani mara nyingi panashinda. Kwa afya, panaweza kushindwa vibaya.

Halafu kuna mkopo. Kiwango cha chakula na malazi cha Bodi ya Mikopo kilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Fedha hiyo, ambayo wanafunzi huiita bumu, ni deni, na akishaajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka liishe. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, jambo lililowapa wengi pumzi, lakini deni lenyewe lipo pale pale. Anayekwenda mbali kwa fedha hiyo anakodi kitanda cha leo kwa mshahara wa kesho. Simlaumu anayefanya hivyo, ila alijue hilo kabla ya kupanda basi.

Sasa jioni. Mchukulie binti anayeishi Igoma na kusoma Malimbe. Kipindi cha mwisho kinaisha saa kumi na moja. Anachukua bodaboda hadi Nyegezi Kona, anasubiri daladala yenye nafasi, anavuka mji mzima na foleni yake, anafika giza limeingia. Mlangoni anapokewa na "umefika, hebu angalia wadogo zako". Vyombo vinamsubiri. Mama yuko dukani mpaka saa tatu. Bibi ana kliniki Bugando kesho asubuhi, na wa kumsindikiza ni "huyu msomi wetu, si ratiba yake inaruhusu?" Anafungua daftari saa nne na nusu akiwa na usingizi. Hakuna aliyemwonea. Kila aliyemtuma anampenda, na kila kazi aliyopewa ilikuwa ya lazima. Lakini mwisho wa muhula masomo mawili ni sapu, mitihani ya kurudia, na familia inashangaa: alikuwa anakula vizuri, analala kwao, alikosa nini?

Kaka yake akiwa nyumba hiyo hiyo, uwezekano wa kuachiwa meza na taa ni mkubwa zaidi. Tuseme ukweli juu ya hili. Kubaki nyumbani kunamgharimu binti kuliko kijana wa kiume, na gharama hiyo haiandikwi kwenye karatasi yoyote ya ada.

Ila msimamo huu usitufanye tuione Dar kama pepo ya kusomea. Mwanafunzi aliyetoka mbali naye jioni yake ina wenyewe. Hosteli hazitoshi. Hata baada ya mabweni ya Magufuli kufunguliwa Mlimani mwaka 2017, yakiwa na nafasi za wanafunzi 3,840, wengi bado wanaishi kwenye mageto ya Sinza, Msewe na Changanyikeni, na wengine wanabebana, wawili kitanda kimoja bila uongozi kujua. Bumu likichelewa, watu wanapiga pasi ndefu: mlo mmoja wa saa tisa alasiri, ubebe siku nzima. Mtoto aliyezoea kukuta chakula mezani anajifunza bei ya mchele na mtungi wa gesi katika mwezi ule ule anaojifunza hesabu za mwaka wa kwanza. Akiugua malaria usiku, wa kumpeleka hospitali ni mwenzake waliyefahamiana wiki tatu zilizopita. Na kuna uhuru, ambao kwa baadhi ni mtihani mgumu kuliko ule wa chuo. Nyumbani mtu akikosa vipindi viwili mama anauliza. Huko Dar anaweza kukosa muhula mzima, na simu ya nyumbani ikijibiwa "naendelea vizuri" yamekwisha.

Wanaotetea kuondoka huleta hoja ya kukomaa: mtoto hakui mpaka atoke kwao. Kwa Tanzania naiona imepungua uzito. Sehemu kubwa ya wanafunzi wetu wameshatoka. Tangu zama za Mwalimu, kidato cha tano kimekuwa kikichanganya watoto wa mikoa yote, na mpaka leo TAMISEMI inampangia mtoto wa Sengerema shule ya Songea bila kumuuliza kama yuko tayari. Aliyelala bweni Tabora au Kibaha miaka miwili, akaamka kwa kengele na kufua mwenyewe, kisha akaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, hana cha kujifunza kuhusu kulala mbali na mama. Kwake chuo cha karibu ni kurudi na kupumua. Kwa aliyesoma shule ya kutwa mtaani kwao tangu darasa la kwanza hoja ya mjomba ina uzito kamili, na ningemsikiliza.

Hoja yao nyingine, ya kufahamiana na watu, naikubali zaidi. Makao makuu ya benki nyingi na vyombo vya habari yako Dar, wizara ziko Dodoma, na anayesoma karibu na ofisi hizo anapata fildi, mafunzo kwa vitendo, huko na kuonekana mapema. Lakini fildi hupatikana pia kwa kujulikana. Mwanza, mtoto ambaye shangazi yake yuko halmashauri anaweza kupata nafasi ya mafunzo wiki moja baada ya kuomba, wakati mwenzake wa Dar anazunguka na barua katika jiji lisilomjua. Nani amefaidika hapo inategemea kazi anayoitafuta. Mwandishi wa habari wa televisheni, aende. Mwalimu, nesi au afisa kilimo, sioni kinachomsukuma.

Kuna jambo linalobadilisha mjadala huu taratibu. Kupitia HEET, mradi wa serikali wa kukuza elimu ya juu, unaogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, vyuo vya umma vinajenga kampasi mikoani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huko Kagera na Lindi, Muhimbili huko Kigoma, Dodoma huko Njombe, Ardhi hapa kwetu Mwanza. Mtoto wa Bukoba ambaye wazazi wake hawakuwa na la kuchagua atakuwa nalo. Nalifurahia sana. Tahadhari yangu ni moja: tawi jipya lina jina la mama yake kabla halijawa na maabara, maktaba na wahadhiri wa mama yake. Mzazi wa mwanafunzi wa kundi la kwanza aende akaone, aulize wahadhiri wa kozi hiyo wanaishi wapi na maabara imefunguliwa lini. Kwa aliye kazini tayari, Chuo Kikuu Huria, ambacho sheria yake ilipitishwa mwaka 1992, kina vituo mikoani, na mjadala huu haumhusu.

Kwa binti wa Igoma, ningependekeza njia ambayo familia huikataa upesi: asome Malimbe, na apangiwe chumba Malimbe. Ndugu watasema ni fedha ya kutupa, kwao si kupo? Lakini nauli ya kila siku, ya daladala na bodaboda kwenda na kurudi, inapunguza sehemu ya kodi hiyo, na wakiwa wasichana wawili wanagawana chumba. Ijumaa anarudi kwao na nguo zake, anamsindikiza bibi kanisani Jumapili, anaondoka na unga na dagaa. Akiugua, mama anafika kabla ya saa moja kupita. Jumatatu mpaka Alhamisi, saa moja jioni, yuko maktaba, na hakuna anayeweza kumtuma dukani. Wazazi wake waketi wakubaliane juu ya hiyo kodi kabla hajathibitisha udahili, kwa sababu akishaanza kulala Igoma mwezi wa kwanza, hatahama tena.