Mtoto Aliyeniuliza Naondoka Lini

Siku yangu ya tatu kazini, mtoto wa darasa la pili alinifuata nikiwa nafuta meza za chakula cha mchana, akaniuliza naondoka lini. Jina langu alikuwa hajaliuliza. Kijerumani changu wakati ule kilikuwa cha kubahatisha, nikadhani anataka kujua natoka kazini saa ngapi, nikamjibu saa kumi. Akatikisa kichwa. Akarudia polepole, neno moja moja: siyo leo, unaondoka lini kabisa?

Ilikuwa mwisho wa Agosti 2022, mjini Wuppertal, magharibi mwa Ujerumani, mji wa bondeni ambao treni yake imekuwa ikining'inia juu ya mto tangu 1901. Nilikuwa nimetoka Bukoba wiki mbili tu kabla, nimekuja kutumikia mwaka mmoja wa kujitolea. Nilipangiwa shule ya msingi, kwenye mpango wa mchana wa watoto wa darasa la kwanza hadi la nne. Masomo yakiisha hawaendi nyumbani. Wanakula, wanafanya kazi zao za nyumbani, wanacheza, mpaka mzazi atakapokuja kuwachukua. Mjomba wangu alikuwa ameniuliza kabla sijapanda ndege: "Mjomba, umesoma mpaka kidato cha sita ili ukapanguse makamasi ya watoto wa Wazungu?" Sikumjibu, maana hata mimi sikujua nakwenda kufanya nini hasa. Kwetu mwanamume wa miaka ishirini na mmoja kushinda na watoto wa miaka saba haihesabiwi kuwa kazi.

Nilimweleza dada aliyekuwa akiongoza kundi letu swali la yule mtoto. Akaniambia mwaka uliotangulia, mtoto akiwa darasa la kwanza, alimzoea sana kijana mwingine wa kujitolea, kipindi cha kijana kikaisha, akaenda zake. Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii: "Mpe tarehe ya kweli." Kesho yake nikamwambia mtoto kwamba siku yangu ya mwisho pamoja nao ni siku ya kufunga shule kwa likizo ya kiangazi, Juni mwakani. Akaenda kwenye kalenda ya ukutani, akafunua miezi, akakuta kalenda inaishia Desemba. Akaniambia basi ni mbali. Akaondoka, na kwa wiki nyingi hakunisemesha tena.

Nikiwa nyumbani nilikulia karibu na kituo cha kulelea watoto yatima. Sikitaji jina, na waliokiendesha hawakuwa watu wabaya. Kila mwaka walikuja wageni vijana kutoka Ulaya na Marekani, wengi wao kwa wiki mbili au tatu. Walipaka rangi ukuta, walifundisha nyimbo, walipiga picha, wakaondoka. Mara nyingi waliondoka alfajiri watoto wakiwa wamelala, ili kusiwe na vilio. Watoto wa pale walikuwa wakimkumbatia mgeni kabla hata hajashuka vizuri kwenye gari. Sisi majirani tulisema watoto hawa wana upendo wa ajabu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa miaka.

Leo sisemi hivyo tena. Mtoto anayemkumbatia kila mtu hana mtu. Yule wa Wuppertal, mwenye mama na baba wanaomfuata kila jioni, alikuwa na ujasiri wa kudai tarehe kabla hajanipa hata salamu. Wale wa kwetu walikuwa wameshaacha kuuliza. Nikikumbuka alfajiri zile naumia, maana nami nilikuwa napunga mkono barabarani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na nayasema bila kuyazungusha: anayetaka kujitolea kwa watoto atoe mwaka. Asiye na mwaka atafute kazi nyingine nzuri, zipo tele. Apande miti, achimbe msingi wa darasa, apange vitabu maktabani. Mti haumsubiri aliyeupanda.

Kwa nini mwaka? Mimi ilinichukua mpaka Novemba kufaa kitu. Miezi ya mwanzo nilikuwa mzigo. Sikujua nani hali nyama ya nguruwe, nani analia kelele zikizidi, nani asikae karibu na nani. Nilikasirika moyoni kuona chakula kinabaki kwenye sahani na mtu mzima hasemi kitu. Kwetu ungesikia habari yako. Watoto wadogo waliniita kwa jina langu kavu kavu, bila shikamoo, na nilichukua muda kuelewa kwamba hawanidharau, kwamba heshima yao wanaiweka mahali pengine, kwa mfano kukusubiri umalize sentensi yako mbovu bila kucheka.

Novemba hiyo yule mtoto alikuwa akihangaika na hesabu. Kuzijumlisha alijua. Shida yake ilikuwa kuziandika anapotajiwa. Wajerumani hutamka namba kinyumenyume: arobaini na saba wao husema "saba na arobaini". Mtoto akisikia saba anaandika saba, halafu anaweka nne, anapata 74. Walimu wanalijua sana tatizo hilo. Niliwekwa nikae naye, nimtajie namba aandike. Nikawa nakosea mimi kuliko yeye. Akili yangu ilikuwa inafikiri kwa Kiswahili, makumi kwanza, halafu mdomo unalazimika kugeuza. Nikisoma 47 kwenye karatasi, natamka 74. Yeye anaandika alichosikia, tunasahihisha, tunakuta mtoto amepata na mwalimu amekosa.

Mara ya tatu akaweka kalamu chini akaniangalia kwa huruma kabisa. Akasema tubadilishane. Yeye atataja, mimi niandike, na nisiiguse kalamu mpaka amalize kutamka namba yote. Hiyo ndiyo mbinu aliyofundishwa na bibi yake. Tukafanya hivyo kila Jumanne na Alhamisi mpaka Krismasi. Yeye aliacha kukosea kabla yangu.

Angenipata wapi kama ningekuwa nimekuja kwa wiki mbili? Wiki mbili zangu za mwanzo kazini zilikuwa za yeye kunichunguza kwa mbali. Urafiki wetu ulianza siku alipogundua kwamba naye ana cha kunipa, na siku hiyo ilikuwa ya themanini na kitu tangu nifike.

Ujerumani haikuamka tu asubuhi moja ikawa na mpango huu. Mwaka 1954, huko Neuendettelsau katika Bavaria, mchungaji Hermann Dietzfelbinger aliwaita wasichana watoe mwaka mmoja kusaidia kazi za huduma za kanisa. Mwaka 1964 Bunge lao likaupa mwaka wa kujitolea sheria yake. Pembeni yake kulikuwa na vijana wa kiume waliokataa kushika bunduki, wakapelekwa kutumikia kwa wazee, wagonjwa na watoto. Mwaka 2011 jeshi la lazima liliposimamishwa, huduma ile nayo ikakoma, na serikali ikafungua utumishi wa kujitolea kwa kila mtu, mzee kwa kijana. Wageni kutoka nchi za Kusini tulianza kupokelewa kupitia weltwärts, mpango wa serikali yao wa vijana wa kujitolea, mwaka 2013. Kabla ya hapo, kwa mpango huo, ni wao tu waliokuja kwetu.

Ninachokisifu zaidi ni yale mambo ya kawaida yaliyoandikwa kwenye sheria. Unapewa pesa ya mfukoni na bima, na mimi nilipewa chumba na chakula. Pesa yenyewe ni ndogo, lakini inatosha kijana wa maskini asishindwe kutumikia. Mahali ambapo kujitolea hakuna hata nauli, wanaojitolea ni watoto wa wenye uwezo peke yao. Katika miezi 12 kuna siku 25 za semina. Tulikaa pamoja tukazungumza yaliyotushinda: mtoto anayepiga wenzake, mzazi anayefoka, siri ambayo mtoto anakuambia na hupaswi kuifanya siri. Na kabla ya kugusa kazi unatoa hati ya polisi ya tabia njema. Nilipoombwa hati hiyo nilijisikia kama natuhumiwa. Baadaye nilijiuliza ni nani aliyewahi kuwaomba hati wale wageni wa kituo cha jirani. Wanasema pia kwamba kijana wa kujitolea haruhusiwi kuchukua nafasi ya mwajiriwa. Hilo halitimizwi kila siku, nakiri. Zipo siku nilibaki na watoto wengi kuliko ilivyopaswa kwa sababu wenzangu wawili walikuwa na mafua.

Sasa nirudi nyumbani. Tanzania si wageni wa wazo hili. JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, ilianzishwa mwaka 1963 kwa ajili ya vijana kulitumikia taifa. Mafunzo ya lazima yalisitishwa 1994, yakarudi 2013, na leo wahitimu wa kidato cha sita huenda makambini miezi mitatu baada ya mitihani ya Mei. Nimepita huko, na sina neno baya. Lakini nchi inayoweza kuwasafirisha vijana kwa maelfu, ikawalisha na kuwafundisha ukakamavu, inaweza pia kumwambia anayetaka: baki, utumikie mwaka, uende shule ya msingi iliyoko mbali na kwenu, ukakae na watoto wa darasa la pili wanaohangaika kusoma. Nchi impe posho ya chakula na chumba. Impe semina. Chuo kimtunzie nafasi yake.

Najua nitaambiwa wapo walimu wa kujitolea tayari. Wapo, na wengi wao ndio wanaozishikilia shule zetu. Ila tuseme ukweli, wale ni walimu waliosomea, wanaosubiri ajira kwa miaka, na tumewapa jina la kujitolea ili tusiwalipe. Haki yao ni mshahara. Mimi nazungumzia kijana ambaye hajasomea chochote bado, anayekaa kando ya mwalimu na siyo mahali pake, na anayejua tangu siku ya kwanza kwamba mwaka wake una mwisho.

Mwisho wenyewe ndio mgumu, na wanaopinga wana hoja hapo. Mwaka nao unaisha. Mtoto wa Wuppertal aliachwa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa mimi. Kalenda mpya ilipobandikwa Januari, alikuja mwenyewe na kalamu nyekundu akazungushia siku ya kufunga shule. Kuanzia hapo ilikuwa pale ukutani, wote tunaiona. Aprili, baridi ilipopungua, niliwafundisha rede kwenye uwanja wa mchanga, mpira tukiutengeneza kwa soksi, chupa ikijazwa mchanga huku ukikwepa. Wavulana wa kwao hawajui kwamba kwetu ni mchezo wa wasichana, nami sikuona sababu ya kuwaambia. Mei alinikasirikia siku nne bila kosa. Dada wa kundi akaniambia niache akasirike, ameshaanza kuaga.

Siku yenyewe, Juni 2023, hakulia. Alinipa karatasi aliyoandika namba kutoka 21 hadi 99 kwa maneno, zile zote za kinyumenyume, ili nisisahau. Akaniuliza kama kijana atakayekuja baada yangu naye anakosea namba. Nikamwambia simjui, ila amuulize siku ya kwanza anaondoka lini, na ataambiwa ukweli.

Sasa hivi, Jumatatu na Jumatano jioni, nasoma na watoto wa darasa la pili katika shule moja hapa Bukoba, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na nikiwa na hati yangu ya polisi. Siku ya kwanza niliandika ubaoni tarehe nitakayomaliza, 30 Novemba, kabla sijaandika jina langu. Walinyamaza, wakainakili kwenye madaftari. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono akauliza kama Jumatano ya wiki ijayo imo.

Nikamwambia imo.